Marcellin na mawaridi yaliyokatwa mapema

Saa kumi na moja na nusu asubuhi, Marcellin Bisimwa anapiga magoti mbele ya mche wa waridi katika bustani ya nyumba moja mtaani Observatory, Johannesburg, na kufukua udongo kwa kidole. Jua la Novemba limeshachomoza na tayari linauma. Anafukua mpaka anaiona nundu ya shina, anachunguza machipukizi yametokea wapi, anatikisa kichwa, kisha anahamia mche wa pili.

Mtu mwingine angeshangilia. Mwezi mzima bustani hii ilikuwa vijiti vitupu, na sasa ghafla imejaa kijani. Marcellin peke yake ndiye anayekitazama kijani hicho kwa hofu.

"Hii si waridi," anasema kwa sauti ya chini. "Ni kitu ya pori. Waridi yenyewe ilishakufa."

Waridi la bustani huunganishwa juu ya mizizi ya waridi mwitu, na nundu ndipo vinapoungana. Chipukizi likitoka juu ya nundu, ni ua ulilolipanda. Likitoka chini yake, ni mwitu unaojiotea wenyewe. Kati ya miche 62, asubuhi hii Marcellin amepata minane tu iliyo hai.

Ana miaka 51, mzaliwa wa Uvira. Kwa miaka tisa alifanya kazi katika shamba la maua ukingoni mwa jangwa la Kalahari, na huko ndiko alikojifunza mawaridi. Jangwani mtunza waridi hushindana na jua. Hupogoa mapema, mwezi wa sita, na humwagilia maji mengi siku hiyohiyo ili maua yawahi kuchanua kabla joto halijakolea. Kiangazi kikifika hagusi jani hata liwe baya namna gani, maana majani ndiyo kivuli cha shina.

Shamba lilipofungwa, Marcellin alihamia Johannesburg. Aprili mwaka huu akapata kazi hapa, na Juni akafanya kama alivyozoea. Alipogoa miche yote kwa siku nne na kuimwagilia. Mwisho wa Julai machipukizi yalikuwa marefu kama kidole.

"Nilijisifu sana," anakiri. "Nikamwita Mama mwenye nyumba aje aone. Vraiment, kweli kabisa, nilikuwa naona miye ndiye fundi kuliko bote."

Lakini Johannesburg iko juu, na baridi yake haina haraka ya kuondoka. Agosti umande uliganda kuwa barafu usiku mmoja, na kulipokucha kila chipukizi lilikuwa jeusi. Badala ya kungoja, Marcellin aliona aibu akakata tena, safari hii hadi karibu na ardhi. Oktoba joto likapanda na mabomba ya mtaa yakakauka siku kumi na mbili. Alipanga foleni kwenye lori la maji, akabeba ndoo, akagawa nusu lita kwa kila mche. Mashina yaliyokuwa uchi, bila jani la kuyafunika, yaliungua.

Mwenye nyumba, Bi Melania, ana miaka 72. Ni Mtanzania wa Morogoro, mjane wa Zephania, Mwafrika Kusini aliyeishi uhamishoni huko na kurudi kwao pamoja naye. Mawaridi haya yote marehemu aliyapanda kwa mikono yake. Yalipokauka, Bi Melania aliagiza fundi aje atandaze matofali, wapangaji wake wapate pa kuegesha magari. "Kuliko kuviona vile vijiti kila siku, afadhali matofali," anasema.

Kwa Marcellin, matofali maana yake ni kukosa kazi. Hulipwa randi 280 kwa siku, siku tatu kwa wiki, na chumba chake cha ghorofani huko Yeoville, anakoishi na mkewe Falonne na watoto wawili, ni randi 1,700 kwa mwezi.

Wiki iliyopita kijani kilipotokea, Bi Melania alimpigia fundi simu asije. Marcellin alijua ukweli siku hiyohiyo. Amenyamaza siku sita.

Saa moja Bi Melania anatoka na vikombe vya chai, uso umemchangamka. "Marcellin, baba, umeona? Yamefufuka!"

Marcellin anasimama, anavua kofia. "Mama, inatoka chini ya nundu. Ni ya pori. Imebaki minane tu. Miye ndiye niliiua. Nilikata mbele ya wakati."

Bi Melania anaweka sinia chini polepole. "Siku zote hizi unaniona nacheka, ukanyamaza?"

"Niliogopa, Mama. Niko na watoto."

Bi Melania anaketi kwenye ngazi na kulia waziwazi, bila kujifunika. "Zephania nimemzika mara ya pili," anasema. Kisha anafuta macho. "Fundi atakuja Jumatatu. Hiyo minane ichukue, baba. Sitaki kuitazama."

Kuhamisha waridi kwenye joto la Novemba ni kama kuliua kwa mkono, na Marcellin anajua hivyo kuliko yeyote. Chumba chake hakina hata kiganja cha udongo. Hata hivyo anatafuta ndoo tupu za rangi nyuma ya gereji na kuanza kuchimba kuzunguka mche wa kwanza, kwa mbali, asikate mizizi.

Kuhusu siku za baada ya Jumatatu, anazungumza huku akichimba.

"Nitapita nyumba kwa nyumba. Wakiniuliza kama ninajua mawaridi, nitasema ninajua ya jangwani. Ya hapa siijue. Nitaomba mtu anifundishe tangu mwanzo."

Anapangusa jasho kwa kiwiko, anainua mche na bonge lake la udongo, na bonge linamvunjikia mikononi.