Makuti ya Bi Mwanaesha

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mtangawanda, nilifunga mzigo, punda akaenda upande kama mlevi. Msimamizi wa msafara, Bwana Shee, akanifokea: "Punda hana kosa! Pima pande mbili zikae sawa, ndipo useme Bismillahi." Nyinyi vijana wa bodaboda mnacheka. Chekeni tu! Pikipiki zikizama matopeni mwatuita sisi.

Vitu vidogo huingia kwenye shogi, ule mfuko wa ukili unaoning'inia huku na huku mgongoni. Makuti hayaingii, hufungwa mafurushi. Nilibeba shehena za maboti, nikapelekwa Siyu kwenye mashamba, mwisho nikawa msimamizi mwenyewe.

Mwaka wangu wa mwisho, Bi Mwanaesha wa Pate alikuwa ndani ya eda. Mumewe aliezua paa lote ili aezeke upya, akafariki kabla makuti mapya hayajatoka Siyu. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimruhusu mjane ahamie kwa jirani. Akakataa katakata: "Eda ya mume wangu nitaikalia nyumbani kwake." Juu yake palikuwa na turubai lililotoboka. Asubuhi ya kumpelekea makuti yake, kusini kukawa kweusi tititi.

Tulitoka Siyu mbiombio, punda wetu wamebeba mafurushi yake. Mashambani kila mtu alikuwa akiokoa mavuno. Bwana Athumani, mkulima na rafiki yangu wa tangu utotoni, akatuzuia, akashika hatamu.

"Ndia hii hupiti! Simsim yangu i nje, wallahi itaoza yote. Teremsha makuti, unibebee. Mjane ana majirani."

"Hatoki nyumbani, Athumani. Wamjua."

"Na wanangu wale nini?"

Ya Rabi! Nimekula kwake mara ngapi? "Niwache nipite," nikamwambia. Akaachia hatamu, akatema mate chini. Hatukuagana.

Matone ya kwanza yalitupiga tukiingia Pate. Tukapanda juu na kamba za usumba. Lakini mwanamke wa eda haonwi na wanaume wa nje, na sisi tulikuwa juu ya kichwa chake! Wanawake wa mtaa wakatandaza leso chini yetu, wakazishika kwa mikono. "Msitazame tini!" wakapiga kelele. Tulifunga kuti baada ya kuti, upepo ukitupokonya, vidole vikitoka damu. Safu ya mwisho ilipokaa, mvua ikamwagika.

Kutoka ndani nikamsikia Bi Mwanaesha: "Haivuji." Kisha akaangua kilio. Wanawake walisema hakuwahi kulia tangu maziko.

Sasa nimestaafu, punda nimewaachia wengine. Simsim ya Athumani ilioza, na mwaka ule wanawe walilala njaa. Kila Ijumaa namtolea salamu mimi kwanza. Huitikia kwa kuwa ni faradhi, kisha hugeuza uso. Mwaniuliza kama najuta? Ningerudishwa ndia ile leo, ningempita vile vile, na ningelia vile vile.