Mshale Uliokwenda Mwisho wa Kioo

Nakumbuka siku moja ya jua kali, nikiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, niliona kitu kwa macho yangu nikaandika kingine. Mwanangu, wewe unaanza kazi ya maabara Jumatatu, kwa hiyo kaa hapa unisikilize, na hiyo simu iweke chini.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa mionzi, hapa hapa mjini. Kila baada ya wiki mbili tulizunguka mitaa ya jirani kupima udongo, maji na hewa, tujue kama kuna kinachovuja kutoka kwetu. Wengine walituita wachawi wa serikali, na sisi tulicheka tu. Namba zilikuwa zile zile, ndogo ndogo, hata ungeniamsha usingizini ningekutajia.

Mkuu wetu, Bwana Jayanti, alikuwa na sheria moja. Unachokiona kiandike hapo hapo daftarini, kwa wino, na ukikosea piga mstari mmoja ili namba ya zamani iendelee kusomeka. Basi mimi na usafi wangu! Niliandika kwanza kwenye kikaratasi, nikirudi ofisini ndipo nahamishia daftarini kwa mwandiko mzuri. Daftari langu halikuwa na mstari hata mmoja, na nilivyokuwa najisikia, we acha tu.

Sehemu ya mwisho kupima ilikuwa uani kwa Salehe, fundi wa kuchomelea mageti kule Ilala. Mtu wa maneno huyo. Siku hiyo akanipokea kama kawaida yake: "Dada wa mionzi, leo umetuletea ugonjwa gani?"

"Nimekuletea mke wa pili," nikamjibu. Mkewe, Mwanaidi, akasonya kutoka jikoni, tukacheka wote watatu.

Nikawasha mashine ya kupimia mionzi. Nilipofika karibu na benchi lake la kazi, mshale wake wa kuonyesha namba ukaruka hadi mwisho wa kioo. Nikaipiga mashine kofi. Nikabadilisha betri. Ukaruka tena. Wiki iliyotangulia waya wake ulilegea ukafanya hivyo hivyo juu ya meza ya ofisi, nikasema basi ni yale yale. Na sitakudanganya, nilikuwa na haraka. Vitenge vya sare ya harusi ya dada yangu vilikuwa vinaisha kwenye duka la Mchaga mmoja Kariakoo, na mama alishanionya nisirudi mikono mitupu. Nikaandika kwenye kikaratasi namba ya mara iliyopita, nikawaaga, nikaondoka.

Wiki mbili baadaye nilimkuta Salehe amefunga kitambaa mkononi. Vidole vimevimba, ngozi inabanduka. Alidhani ni moto wa kuchomelea. "Lakini huu hauponi, dada," akaniambia, na safari hii hakutania. Alikuwa anatapika pia. Nilikuja na mashine nyingine, nzima kabisa, na mshale wake ukaenda mwisho vile vile. Nikawatoa watu wote uani, nikakimbia kutafuta simu.

Wenzangu walikuta kipande kidogo cha chuma kinachong'aa ndani ya kopo, chini ya benchi. Hakikutoka kituoni kwetu. Kilikuwa cha mtambo wa kupigia picha mabomba ya kiwandani kwa mionzi, mtu akakiuza pamoja na vyuma chakavu, Salehe akakinunua kwenye rundo bila kujua. Siku ile mshale uliporuka mara ya kwanza alikuwa nacho siku mbili tu. Siku mbili, mwanangu! Daktari alisema tungekitoa siku ile, huenda angepona.

Bwana Jayanti akafungua daftari langu. Hakugomba, na heri angegomba. "Hii namba uliiona?"

"Hapana, mzee."

Akalifunga taratibu. "Utakwenda kumwambia mke wa Salehe kwa mdomo wako. Nitakusindikiza, lakini sitakusemea."

Tulimkuta Mwanaidi nje ya wodi aliyolazwa mumewe, ameshika kanzu yake. Nikasema yote, mpaka habari ya vitenge. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Ulipotoka tu nilimpelekea chakula pale pale benchini. Tulikula sahani moja. Ungesema neno, dada, hata kama huna hakika, tungekwenda kula nje barabarani."

Mwanaidi tulimpima, akaonekana salama. Salehe walimkata vidole, baadaye mkono, na kabla ya mfungo kuanza tukamzika. Nilisimama nyuma kabisa, nikaona haya hata kulia.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Andika unachokiona, hapo hapo, hata kama kinakuchafulia daftari na kukuchelewesha. Ukidhani mashine ni mbovu, andika kwamba unadhani ni mbovu, lakini watu waondoe kwanza. Utaonekana mjinga, utachekwa, utaambiwa umesumbua watu bure. Kubali. Mimi leo ningetoa chochote niwe nimemsumbua Salehe bure.

Haya, nenda. Mungu akulinde na haraka, akupe moyo wa kusema usilo na hakika nalo, na kila nyumba utakayoingia na mashine yako, uwakute wenyewe wazima na uwaache wazima.