Peke Yake, kwa Kusaidiwa, au Bado

Saa nne kamili asubuhi, Mama Vifungo ameikalia mikono yake. Si msemo. Ameiweka chini ya mapaja, kila mmoja upande wake, juu ya kiti kifupi cha mbao, na anamtazama msichana wa miaka minane anayehangaika kupandisha kaptula.

Kaptula yenyewe ni kubwa, ya lastiki, imevaliwa juu ya suruali kwa ajili ya mazoezi tu. Mkono wa kulia wa mtoto unafanya kazi. Wa kushoto umekunjika kifuani na hausikii la mtu. Anavuta upande mmoja, unapanda. Anageuka avute wa pili, wa kwanza unashuka.

“Usimsaidie, mama,” Mama Vifungo anasema bila kugeuka. Nyuma yake, bibi wa mtoto ameshanyanyuka nusu kutoka kwenye benchi.

“Simsaidii. Nanyoosha mgongo tu.”

“Nyoosha ukiwa umekaa.”

Zinapita dakika sita. Mtoto anaegemeza nyonga kwenye kiti cha choo cha plastiki kilichowekwa katikati ya chumba, anavuta, anahema, anavuta tena. Kaptula inakaa kiunoni, imepinda kidogo lakini imekaa. Anamgeukia bibi yake na kumwita kwa jina wanaloitana nyumbani: “Mke mwenza, umeona?”

“Nimeona, mke mwenzangu. Mume wetu angekuwa hai angekununulia gari.”

Kwenye karatasi, kazi ya Mama Vifungo inaitwa tiba kwa vitendo. Kwa maneno ya kawaida, anawafundisha watoto ambao miili yao imewagomea kufanya yale ambayo wengine hatukumbuki hata tulijifunza lini: kushika kijiko, kuvaa shati, kunawa, kwenda chooni. Wengi wao wana mtindio wa ubongo. Wachache wamepata ajali.

“Mama yangu mzazi alifariki akiamini serikali inanilipa kucheza na watoto,” anasema. “Nilijaribu kumweleza miaka ishirini. Akawa ananiambia, cheza tu mwanangu, ila usiwazoee.”

Chumba chake kiko mwisho wa korido ya hospitali. Zamani kilikuwa cha kupigia pasi mashuka, na kwenye meza ndefu bado kuna alama nyeusi mahali ambapo mtu alisahau pasi. Walikuwa wataalamu watatu. Mmoja alihamishwa, mwingine akastaafu, na nafasi zao hazijajazwa. Daftari lina watoto tisini na wanne. Kila mmoja anapata nusu saa kila wiki mbili, isipokuwa wachache, kama huyu, anaowatafutia nafasi kila Jumanne.

Miaka thelathini na mmoja ya kunyoosha vidole vilivyokaza imemlipa kwa namna yake. Vidole gumba vyake vimevimba kwenye maungio na asubuhi havikunjiki. Mwanamke anayeitwa Mama Vifungo mji mzima siku hizi huvaa magauni ya kuvuta kichwani tu, kwa kuwa hawezi tena kufunga kifungo. Akilisema hilo hucheka, lakini huvificha vidole.

Katika daftari lake kuna maneno matatu tu, na kila tendo la kila mtoto hupata moja: peke yake, kwa kusaidiwa, au bado.

Jumanne hii maneno hayo yamekuwa mazito kuliko kawaida. Ipo shule moja tu mjini yenye darasa la watoto kama msichana huyu. Ina mwalimu mmoja, haina msaidizi, na kila mwaka inapokea watoto wanne. Fomu yake ina mistari minne ya kujazwa na mtaalamu: kula, kunawa, kuvaa, choo. Bila “peke yake” kwenye yote minne, hupati nafasi.

Mitatu imeshajazwa. Umebaki wa choo, na mwisho wa kurudisha fomu ni Ijumaa. Shule haipokei mtoto aliyetimiza miaka tisa. Muhula ukianza, msichana atakuwa amebakiza wiki tano kuitimiza. Kwa hiyo hakuna cha kusema tutajaribu mwaka kesho.

Bibi yake ana miaka sabini na mmoja. Mama wa mtoto yuko kazini nchi nyingine na husikika kwa simu. Kwa miaka mitano bibi amekuwa akimbeba mjukuu mgongoni kutoka kituo cha basi hadi hapa, kupanda mlima na ngazi kumi na tisa. Shule ina gari linalowachukua watoto njiani. Kwake yeye, shule ni masomo, na pia ni kupumzisha mgongo.

“Andika basi, daktari,” anasema. “Si umeona kwa macho yako?”

Mama Vifungo anachukua kalamu. Anaishika kwa kidole cha shahada na cha kati, maana gumba limegoma. Halafu anaiweka mezani.

“Mama, choo cha shule kikoje?”

“Choo ni choo.”

“Cha kukaa au cha kuchuchumaa?”

Bibi anasita. “Cha kuchuchumaa.”

Swali hilo lina historia yake. Miaka tisa iliyopita kulikuwa na mvulana wa miaka saba. Mama Vifungo alikuwa ametengeneza ubao wenye kitambaa na vifungo sita vikubwa, ndio uliompa jina. Mvulana aliuweka mezani na kufunga vifungo vyote kwa dakika moja na nusu. Wauguzi walikuwa wakiitwa kuja kumtazama. Kwenye mstari wa kuvaa, mtaalamu aliandika “peke yake” bila kusita.

Wiki ya kwanza ya shule watoto walibadili nguo kwa ajili ya michezo. Mvulana alivua shati, na kulifunga tena kukamshinda.

“Kwenye ubao vifungo vilikuwa mezani, vimemtazama,” anaeleza. “Kwenye shati viko kifuani kwake, anaviona kwa juu, na upande umegeuka. Sikuwahi kumjaribisha kwenye shati lake mwenyewe. Mwaka mzima, mwanangu! Nilimfundisha ubao, nikadhani nimemfundisha kuvaa.”

Alisimama tumbo wazi, wenzake wakamcheka hadi mwalimu akamfunika kwa taulo. Siku ya tatu alirudishwa nyumbani. Baba yake alikuja hospitalini, akaiweka fomu mezani, akasema, “Asante kwa neno lako,” akaondoka. Mtoto hakuletwa tena. Mama Vifungo husikia kwamba amekuwa kijana mkubwa, na kwamba hatoki ndani.

Ndiyo maana sasa anasimama, anamshika mtoto mkono, na wote wanaelekea choo cha wagonjwa, mlango wa tatu kwenye korido. Ni cha kuchuchumaa, sakafu imelowa. Mtaalamu na mtoto wanaingia. Mwandishi wa makala haya anabaki nje na bibi, ambaye midomo yake inacheza bila sauti.

Zinapita dakika nne. Halafu inasikika miguu ikiteleza, na mguno mdogo.

Mtoto anatoka nguo zimelowa kwa nyuma. Halii. “Ukuta hauna pa kushika,” anasema, kama anayetoa taarifa.

Anayelia ni bibi. “Umempeleka kule kumwaibisha.”

“Nimempeleka nijue, mama yangu.”

“Umejua nini sasa? Miaka mitano namleta hapa, mvua yetu, jua letu. Neno moja tu, mwanangu. Andika neno moja.”

“Nikiandika, wiki ya kwanza ataanguka mbele ya wenzake. Watamrudisha.”

“Wamrudishe wao! Usimrudishe wewe!”

Mama Vifungo anamsimulia habari ya mvulana wa vifungo. Bibi anasikiliza mpaka mwisho, anajifuta macho. “Pole yake,” anasema. “Lakini huyo si wangu.”

Kisha anaongeza jambo ambalo, kwa maelezo ya Mama Vifungo, hakuwahi kuambiwa na mtu katika miaka yote ya kazi. “Na hilo neno lenu lenyewe silipendi. Peke yake. Mimi nimemlea huyu ili asiwe peke yake. Ninyi mnataka kwanza awe peke yake ndipo mmpe shule.”

Mtaalamu anarudi mezani, anaandika “kwa kusaidiwa”. Pembeni, nje ya mstari, anaongeza kwa herufi ndogo: *Anahitaji bomba moja la kushika, urefu mita moja, ukutani upande wa kulia.* Bibi anaichukua fomu bila kuisoma, anamfunga mjukuu mgongoni kwa mbeleko, anaondoka. Hakuaga.

Jibu la shule lilikuja baada ya siku sita: hapana. Mwalimu mkuu, alipopigiwa simu, hakuwa na ukali. “Nilisoma habari ya bomba,” alisema. “Bomba ningelipata. Lakini nafasi ni nne, na walioandikiwa peke yake kwenye mistari yote ni kumi na mmoja. Ningemtoa nani nimweke yeye?”

Mama Vifungo aliposikia hesabu hiyo alicheka kicheko kisicho na raha. “Kumi na mmoja? Nani kawapeleka chooni hao?”

Jumanne iliyofuata, saa nne, benchi lilikuwa tupu. Na Jumanne baada ya hiyo. Watoto arobaini wanasubiri kuingizwa kwenye daftari, lakini nusu saa ile hajampa mtu. Anakaa mle ndani mlango wazi, anapanga vijiko ambavyo vimeshapangika.

“Ningedanganya, leo angekuwa shuleni,” anasema. “Hilo nalijua. Pengine angekaa siku tatu wakamrudisha. Pengine mwalimu angemzoea, akamshika mkono, mambo yakaenda. Sijui, na sitajua. Nililinda neno langu, mtoto kakosa shule. Usiandike kwamba nina amani, maana sina.”

Bibi anaishi vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Mwandishi alimkuta amekaa kitako sakafuni, mto mgongoni, mjukuu ubavuni akimsomea kwa sauti maandishi ya pakiti ya sabuni, herufi moja moja, nyingine akizibuni. Kusoma amejifundisha mwenyewe, kwa kuuliza wapita njia.

“Mwambie daktari simchukii,” bibi alisema. “Hasira iliisha siku ileile. Mgongo ndio haujaisha. Nilizishuka zile ngazi nimenuna, sikuangalia ninapokanyaga, nikateleza. Tangu hapo siwezi kumbeba hata kumtoa nje, wala kusimama wima nimshikilie atembee.”

Na chooni?

“Namburuta,” alisema, na akageuzia uso ukutani.

Ujumbe ulipofika, Mama Vifungo aliusikiliza amesimama. Aliomba aambiwe mara ya pili ile habari ya kuburuta. Kisha akafungua daftari, si ukurasa wa maneno matatu, bali kalenda iliyo mwishoni mwa daftari. Amebakiza miezi kumi na minne kustaafu. Chumba, ameambiwa, kitafanywa stoo. Alihesabu Jumanne zilizobaki, akapiga mstari juu ya saa za jioni za zote, azitenge kwa mtoto yule.

Fundi wa hospitali amemkatia kipande cha chuma kutoka kitanda kibovu cha wodini. Kinapita mita moja kidogo, kimepigwa msasa ncha zote mbili. Kimeegemea ukuta karibu na mkoba wake, pamoja na skrubu nne ndani ya chupa ya dawa. Wiki hii anakwenda mwenyewe, kwa miguu yake, na ataanzia kwenye choo cha nyumba ile.

Anapokumbushwa kwamba shule imeshakataa na umri hautarudi nyuma, hakasiriki.

“Shule imekataa, sawa,” anasema. “Yule mama ana miaka sabini na mmoja. Mtoto ana minane. Iko siku bibi hatakuwepo, na siku hiyohiyo mtoto atataka kwenda chooni.”

Anajaribu kukiingiza kile chuma kwenye mkoba, kinachomoza.

“Fomu ilikuwa na tarehe ya mwisho,” anasema. “Siku hiyo haina tarehe. Ndiyo inayonitisha.”