Miaka Tisa ya Peres Nanyama

Peres Nanyama alisoma wasifu wa mazishi yake mwenyewe siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa ameketi sebuleni kwa binti yake huko Muthangari, miguu juu ya stuli na miwani puani. Aliukuta ndani ya mfuko wa nguo alizorudi nazo kutoka hospitalini, katikati ya leso na malapa. Kilikuwa kijitabu cha kurasa nane, chenye picha yake jaladani na mwaka wake wa kuzaliwa, 1951. Nafasi ya tarehe ya kufa ilikuwa imeachwa wazi.

Mgeni wa mji huu huenda akadhani huo ni ukatili. Sivyo. Siku ya Alhamisi madaktari wa Upper Hill walimwambia binti yake, Jacklyne, kwamba mama hangemaliza wiki. Jioni hiyo kamati ya mazishi ikaundwa, na mchapishaji mmoja wa katikati ya mji, kijana aitwaye Bramwel, akasema anahitaji siku tatu. Kwetu hakuna anayetaka kumzika mzazi karatasi zikiwa hazijawa tayari. Wasifu husomwa kanisani mbele ya jeneza, kisha kila mwombolezaji huondoka na nakala yake, akaitia ndani ya Biblia au kwenye droo pamoja na risiti za zamani. Kwa wengi wetu, hicho ndicho kitabu pekee kitakachowahi kuandikwa juu yetu. Bramwel alitoa nakala moja ili familia iikague. Jumapili mgonjwa akafumbua macho, akaomba uji, akalalamika kwamba hauna sukari.

Jumanne hiyo alinipigia simu. "Mwalimu, njoo. Na usije na maua."

Nilipoingia hakunisalimu. Alifungua ukurasa wa tatu, akasoma kwa sauti, "'Kati ya mwaka 1970 na 1979, marehemu alifanya kazi mbalimbali jijini Nairobi.'" Akaniangalia juu ya miwani. "Kazi mbalimbali. Zipi? Niliuza mitumba? Nilifua nguo za watu? Nilikuwa bawabu?"

"Jacklyne ndiye aliyeandika," nilisema.

"Jacklyne angeandika 'job tofauti tofauti'. Hiki ni Kiswahili chako. Hiyo 'mbalimbali' naijua inakotoka."

Alikuwa amesema kweli. Jacklyne aliniletea maandishi yake kwenye ukumbi wa hospitali, akaniomba ninyooshe lugha, kwa kuwa nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote. Niliinyoosha. Niliipita sentensi ile nikiweka koma mahali pake, ilhali nilijua kilichoijaza miaka hiyo tisa, kwa sababu nilikuwapo.

Basi na iandikwe inavyostahili.

Peres alizaliwa karibu na Webuye, binti wa katekista. Alisomea upigaji chapa kwa masista, na mwaka 1969 akaja kukaa na shangazi yake Ngara, akiwa karani katika kampuni ya malori. Huko ndiko Ngui alikomwona. Ngui alikuwa mtengenezaji wa filamu, mwenye studio ya vyumba viwili juu ya duka la vitambaa katikati ya mji. Alikuwa amekulia kwenye viti vya nyuma vya sinema, akitazama picha za Kimarekani za miaka ya hamsini, na kulikuwa na aina moja ya mwanamke ambayo haikumtoka kichwani: nywele za manjano kama ndevu za mahindi, gauni la kubana, na mdomo ulioachwa wazi kidogo kama wa mtu aliyesahau alichotaka kusema. Huko Marekani mtindo huo ulikuwa umeshapita, na baadhi ya wanawake wale walikuwa wameshazikwa. Ngui hakujali. Alisema Kenya nayo lazima iwe na mwanamke wa namna hiyo. Akaagiza wigi la manjano kwa mfanyabiashara mmoja wa Ngara, akamvika Peres. Kwenye mabango aliandika neno moja tu, Dhahabu. Jina la Nanyama halikuonekana kwenye bango lolote, wala mwishoni mwa filamu ambapo hata dereva alitajwa.

Mimi nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya misheni, na Jumamosi nilisahihisha miswada ya Ngui. Peres alikuja akiwa amehifadhi maneno yake yote, na ya wenzake pia. Alikuwa akiniuliza, "Mwalimu, huyu mwanamke anaishi wapi? Asubuhi anakunywa chai na nini?" Mswada haukusema. Mswada ulisema anaingia, anacheka, anaanguka. Katika filamu kumi na moja aliangushwa mtoni mara mbili na kwenye ngazi mara tatu, na wanaume waliompiga makofi hakuweza kuwahesabu. Mwishoni ama alikufa ama alitubu, na vyote viwili vilichukua dakika tatu.

Lakini alikuwa na kipaji. Katika filamu moja alitakiwa kupanda treni akiwa na sanduku. Sanduku likakataa kupita mlangoni. Halikuwa jambo lililopangwa, na Ngui alisahau kusema kamera izimwe. Kwa dakika nne Peres alibishana na lile sanduku, akalibembeleza, akalipa kisogo kama mke anavyompa mume aliyechelewa kurudi, kisha akaliomba radhi. Hakutamka neno. Mpiga picha aliuma shati lake asije akacheka kwa sauti. Nimeona uigizaji mwingi tangu hapo, na sijaona mwingi unaozidi ule.

Kuhusu sauti, Ngui aliamua kwamba matamshi ya Peres yalinuka Webuye. Alimwajiri mwanamke mwingine, akatia sauti ya huyo juu ya midomo ya huyu, bila kumwarifu mwenye midomo. Peres aligundua kwenye onyesho la kwanza, katika sinema ya mjini, akiwa ameketi kando ya baba yake, aliyesafiri usiku kucha akiwa amevaa koti lake la kanisani. Mzee yule alitazama kwa muda, kisha akamwinamia bintiye akamwuliza, "Ni nani huyo anayesema ndani yako?"

Mwaka 1977 alileta hadithi yake mwenyewe, aliyoipiga chapa saa za chakula cha mchana: mjane anayekataa kufukuzwa na mashemeji kwenye shamba la marehemu mumewe, akawapeleka mahakamani. Ngui alisoma kurasa mbili.

"Nani atatoka nyumbani kuja kukuona na kitambaa kichwani?" akasema. "Watu wanakuja kuangalia nywele."

"Nywele si zangu."

"Ndiyo maana," alisema Ngui, akamrudishia karatasi.

Miaka miwili baadaye, akiwa ameolewa na Were, fundi wa reli, mimba ya Jacklyne ilianza kuonekana. Jumamosi moja alifika studioni akakuta wigi lile lile juu ya kichwa cha msichana wa miaka kumi na tisa aitwaye Beryl. Gauni lilikuwa lake, likiwa limepunguzwa kiunoni. Bango halikubadilishwa. Dhahabu alibaki Dhahabu. Filamu mbili zaidi zilitoka, na watu wa mji hawakutambua, au walitambua wakasema amekonda. Hakuna aliyemuaga Peres. Aliambiwa apishe, taa zinawekwa.

Baada ya hapo alikuwa katibu muhtasi katika kampuni ya bima huko Upper Hill kwa miaka thelathini na mmoja, kisha mjane, kisha kiongozi wa akina mama kanisani. Miaka hiyo imejaza kurasa mbili na nusu za kijitabu, pamoja na jina la kila kamati aliyowahi kuwamo.

Jacklyne alirudi kutoka kazini mchana huo akakuta kijitabu mezani. Hakukigusa.

"Mum, ulikuwa unakufa," alisema.

"Sikufa."

"Daktari alisema."

"Daktari alisema juu ya mapafu. Hakusema juu ya mwaka wa sabini na nne."

"Sasa ningeandika nini? Watu wa kanisa wasome ati marehemu alikuwa anatupwa mtoni na nguo ya kuogelea?"

"Mara mbili. Andika mara mbili."

"Mwalimu, si umwambie."

"Mwalimu anyamaze," alisema Peres. "Yeye ameshasaidia vya kutosha."

Jacklyne aliketi bila kuvua koti. Alipoanza kusema tena, Kiswahili chake kilikuwa kimepoteza haraka ya ofisini.

"Wewe hukuwa kwa dom yetu, kule shule ya bweni. Kuna msichana alitoa hiyo kalenda yako kwa gereji ya babake. Ile uko juu ya boneti. Ilikaa kwa mlango wiki mzima. Matroni alikuwa anapita tu. Wananiuliza, 'Jacky, mamako huwa anavaa nini akipika?' Wiki mzima, Mum. Nikajifunza kusema wewe ni katibu. Na ulikuwa katibu. Sikudanganya."

Peres alivua miwani. Alikuwa akisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza, miaka thelathini baada ya kutendeka.

"Hiyo kalenda sikuulizwa," alisema. "Walitoa picha studioni wakaweka tangazo la sabuni chini yake. Hilo nikasirikie wao, nawe ukasirikie wao. Lakini mimi nilifanya kazi, Jacklyne. Niliamka saa kumi na moja. Nilijua maneno ya kila mtu. Wakanitoa jina, wakanitoa sauti, wakampa mwingine nywele. Kilichobaki ni kwamba nilikuwapo. Sasa hicho umekitoa wewe."

"Mum."

"Jumamosi mnanifanyia maombi ya shukrani. Mwalimu ataandika upya ukurasa wa tatu. Utausoma mbele yao, nikisikia."

"Sisomi."

"Basi waambie wasije. Siwezi kumshukuru Mungu kwa maisha ambayo mmeshayakata."

Waliishi siku tatu bila kusemezana ila kwa mambo ya dawa. Mimi niliandika. Peres alipitia kila mstari. Nilipoandika "nyota wa filamu" alifuta kwa kalamu nyekundu. "Nyota ni neno la Ngui. Andika mwigizaji." Nilipoandika kwamba aliacha kuigiza ili kulea, alifuta tena, kwa nguvu zaidi, hadi karatasi ikachanika. "Sikuacha. Niliondolewa. Na wewe ulikuwa umesimama pale na miswada yako mkononi."

Nilikuwa nimesimama pale. Niliandika "aliondolewa".

Jumamosi walikuja watu kama arobaini, wengi wao akina mama wa kanisa na leso zao za bluu. Mchungaji aliomba. Wimbo uliimbwa. Ilipofika zamu ya familia, macho yote yalimtafuta Jacklyne, naye alikuwa jikoni akimimina chai kwenye vikombe vilivyokuwa vimeshajaa. Peres aliushika mgongo wa kiti akasimama. Akasoma mwenyewe.

Alisoma polepole, kwa matamshi yake ya Webuye yasiyofichwa, akivuta pumzi baada ya kila mstari. Alizitaja filamu zote kumi na moja. Alitaja mto na ngazi na makofi. Alimtaja mwanamke ambaye sauti yake ilitiwa mahali pa sauti ya Peres. Mchungaji alitazama zulia. Akina mama wawili walitazamana. Hakuna aliyeondoka.

Alipotua kupumua, Waithera, aliyekuwa mweka hazina wa akina mama na jirani yake kwenye benchi la kanisa kwa miaka ishirini, aliinua mkono kama yuko darasani.

"Mama Jacky, ile ya sanduku kwa treni, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nilikuwa nimejifungua kwa upasuaji wiki hiyo. Dada yangu akanipeleka sinema kwa nguvu. Nilicheka mpaka nyuzi zikaniuma, nikamtukana dada yangu. Miaka yote hii tunakaa na wewe, unatusomea ripoti ya harambee, na hukusema?"

"Hamkuuliza."

Kicheko kilipita chumbani, cha chini, cha watu wasio na hakika kama kimeruhusiwa.

"Na ile ya daraja?" aliuliza Waithera. "Ile anakimbia na mvua?"

"Hiyo si mimi. Hiyo ni Beryl. Walimvika wigi langu."

"Beryl nani?"

Peres alifungua mdomo. Nilimwona akilitafuta jina la pili, akageuka kwangu, nami sikuwa nalo. Kwenye karatasi niliyoiandika, iliyopitiwa mstari kwa mstari, kulikuwa na Beryl tu.

"Sijui," alisema. Aliketi ghafla, na mchungaji akanyanyuka nusu, akidhani ni ugonjwa. Haukuwa ugonjwa. Ilikuwa hasira ile ile ya wiki nzima, ila sasa haikuwa na mtu mwingine wa kuiangukia. "Miaka arobaini na mitano namchukia yule mtoto, na sikumwuliza jina la baba yake."

Jacklyne alikuwa mlangoni mwa jikoni, birika mkononi. Aliliweka sakafuni, kwenye zulia, jambo ambalo mama yake hangelikubali siku nyingine. Alipita katikati ya magoti ya wageni akaichukua karatasi.

"Alikuwa anakaa wapi, huyo Beryl?"

"Mtaa wa Jericho. Mama yake alikuja naye mara moja. Aliuza samaki."

"Mwalimu, leta kalamu." Akaandika pembeni, akitumia paja lake kama meza: Beryl, wa Jericho, mama yake aliuza samaki. "Hiyo jina ingine tutaitafuta. Kuna watu wa Jericho kwa kikundi chetu cha kazi." Kisha, bila kumtazama mama yake, "Umefika wapi?"

"Sabini na tisa."

Jacklyne alikohoa, akaanza kusoma kuanzia sabini na tisa, mwaka aliozaliwa. Alisoma kavu, kama mtu asomaye barua ya benki, na alipofika kwenye neno "aliondolewa" alilipita kwa haraka. Mama yake alimwambia arudie. Akarudia.