Lusia na Kitambaa cha Meza

Mwaka 1954, katika shule yetu ya misheni kule juu ya Mbeya, asubuhi zilichelewa kufika. Ukungu ulishuka kutoka mlimani ukaingia mpaka bwenini, tukawa tunaamka ndani yake bila kujua kama tumeamka kweli. Kitu cha kwanza kupita kwenye ukungu huo kilikuwa sauti ya Lusia. Aliimba akichota maji, akaimba akifagia, na mara mbili alikaripiwa kwa kuimba usingizini. Kitanda chake kilipakana na changu, kwa hiyo mimi ni shahidi.

Mimi ni Paskalina, Mhehe wa Iringa, na kwetu mtu akikuudhi unamwambia. Lusia alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, mpole mpaka akaniudhi. Aliposwa angali darasa la nne, na ng'ombe walikwisha kufika kwa baba yake. Tangu siku hiyo mila ya kwao ilimkataza kumwona baba wa mchumba wake, kuonwa naye, hata kutamka jina lake. Jina lenyewe lilikuwa Sedekia. Nilikuwa nikilitaja makusudi wakati wa kula maharage, naye anaziba masikio.

"Sasa utamjuaje ili umkimbie?" nilimwuliza siku moja.

"Anakohoa. Akiwa njiani anakohoa mara mbili, mimi naingia migombani mpaka apite. Ananiheshimu, na mimi namheshimu."

Nilicheka sana. Siku hizi sicheki.

Mwaka huo wa 1954 tulikuwa darasa la nane, na ilitangazwa kwamba Bwana Mkaguzi wa elimu atachagua msichana mmoja tu wa kwenda chuo cha ualimu. Lusia akikosa, harusi ilikuwa baada ya mavuno. Hakuikataa harusi. "Ila nataka kufundisha kwanza," aliniambia, "watoto wadogo, hesabu na kuimba." Katika miaka minne sikumsikia akitaka kitu kingine chochote.

Siku ya wazazi, ambayo ndiyo ilikuwa siku ya kuchaguliwa, ukumbi ulijaa. Bwana Mkaguzi alikaa mbele, kwenye meza yenye kitambaa cheupe tulichokidarizi wenyewe, na juu yake chupa ya maua na karatasi zake za alama. Mwalimu Matilda akaanza kukanyaga kinanda. Lusia akasimama kando ya meza, akaimba wimbo alioutunga mwenyewe, wa mtu anayetembea kwenye ukungu akifuata sauti ya mama yake. Nilisahau njaa. Nilisahau hata kwamba niko Mbeya. Nilimwona bibi yangu kule Iringa akipepeta ulezi, na bibi alikwisha kufa zamani.

Ndipo huko nyuma, mlangoni, mtu akakohoa mara mbili.

Sedekia alikuwa na binti mdogo darasa la tano. Alikuja kumwona, akachelewa njiani, na alipochungulia ukumbini akakuta anayeimba ni mkwe wake. Akafanya adabu ile ile ya njiani. Lakini ukumbini hakuna migomba.

Lusia aligeuka, akavuta kitambaa cha meza, akajifunika gubigubi. Maua, maji, karatasi za Bwana Mkaguzi, vyote chini! Watu wakapiga kelele, kinanda kikanyamaza. Nikajua ndoto imekwisha. Kumbe chini ya kitambaa, uso ukiwa umeelekea ubao, Lusia aliudaka ubeti pale pale ulipokatika, akauimba mpaka mwisho. Hakuweza kugeuka kuangalia kama yule mzee ameondoka, maana kuangalia ndiko kulikokatazwa.

Bwana Mkaguzi alikuwa anakausha karatasi kwa leso yake. "Sauti nzuri," alisema. "Adabu hakuna." Akaandika hivyo hivyo.

Mimi nilijua sababu. Ulimi wangu huu ninaojisifia ukaganda, na aibu ile ninayo mpaka leo.

Sauti ikatoka nje ya dirisha. Tuliona kofia tu na mgongo wa koti.

"Bwana Mkaguzi, samahani sana. Mimi ndiye mkwe wake. Nimekohoa mimi. Huyu mtoto hana kosa. Umeandika adabu hakuna, na ile ndiyo adabu yenyewe. Angeniangalia, hapo ungeandika."

"Ingia ndani tuzungumze, mzee."

"Siwezi, bwana. Yumo. Na kama ni harusi, itangoja. Ng'ombe wako kwa baba yake, hawatakimbia."

Bwana Mkaguzi aliitazama karatasi yake iliyolowa, kisha akaomba nyingine.

Basi Lusia akaenda chuoni, akarudi mwalimu, akaolewa, akafundisha shule ya jirani na kwao. Kila Sedekia alipopita hapo alikohoa mara mbili kutoka mbali, kisha akaketi nyuma ya ua, mgongo ukiwa umeelekea darasa, akasikiliza watoto wakiimba. Lusia alikuwa akiwachagulia nyimbo ndefu. Huo ndio ulikuwa ujamaa wao, miaka mitatu, bila kuonana hata siku moja.

Mzee alifariki mwaka 1959. Nilitoka Iringa kwa basi kwenda kuzika, na nilipofika ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, jeneza likiwa wazi uani. Wazee walimwambia Lusia kwamba sasa anaruhusiwa. Alisimama mbali kidogo. Akakohoa mara mbili, akangoja, ndipo akasogea.

Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akanishika mkono, machozi yanamtoka.

"Paskalina," alininong'oneza, "kumbe alikuwa mfupi."