Programu Iliyokataa Kustaafu

Karani wa kompyuta wa hospitali, ambaye wenzake walimwita Mama Nywila kwa kuwa ndiye aliyemkumbusha kila mtu nywila yake, alikuwa ameketi mbele ya mashine. Kazi ya asubuhi ile ilikuwa kufuta mafaili ya wagonjwa yaliyoandikwa mara mbili. Faili likifutwa halirudi: mashine ya kuhifadhi nakala za akiba ilikufa mwaka juzi, na barua ya kuomba nyingine bado ilikuwa inazurura ikitafuta sahihi.

Mwongozo ulisema wazi, ukurasa wa tisa: ongeza chaguo la majaribio, na programu itakuonyesha itakachofuta bila kugusa kitu. Akaliandika kwenye dirisha jeusi la amri. Programu ikajibu kwamba chaguo hilo halitambuliki. Akaliandika tena, herufi moja moja, kama anayemlisha mgonjwa uji. Halitambuliki.

Mganga mkuu alikuwa nyuma yake, akimpumulia kisogoni. Wakaguzi wangefika saa sita, naye alishaahidi kwa maandishi kwamba hakuna faili lililojirudia.

"Mama, si uliondoe hilo chaguo ubonyeze tu? Faili likipotea, mgonjwa si yupo? Tutamuuliza."

Mama Nywila hakukubali. Faili ndilo linalojua nani akichomwa sindano gani anakufa. Akaomba dakika tano, akaiuliza mashine programu ile inakaa wapi. Ikamtajia folda ya mtangulizi wake, mzee aliyestaafu miaka sita iliyopita. Akampigia. Mzee akaeleza bila haya kwamba ile ni programu ya zamani, machaguo mapya haiyajui. Mpya ipo folda nyingine, ila mashine hukutana na ya zamani kwanza. Sasa mbona hakuifuta?

"Binti yangu, ile ni mali ya hospitali. Haiondolewi mpaka kamati ya vitu chakavu ikae. Imekaa?"

Haikuwa imekaa. Viti vya kamati navyo vilikuwa chakavu, vinasubiri kamati.

Akaiita ile mpya kwa anwani yake kamili, akaongeza chaguo, akafumba macho, akabonyeza. Alipofumbua, orodha ya watakaofutwa ilikuwa inateremka: majina mia tatu kumi na mawili. Kila jina na mwenzake: mama mmoja, ukoo mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa. Alipoelewa, akaondoa mikono kwenye kibodi. Programu ilikuwa imewakusanya mapacha wote wa kliniki ya watoto, na katika kila jozi ingemfuta mmoja.

Mganga mkuu akainama, akasoma, akavuta kiti. Kwa sauti ndogo akauliza kama kuna namna ya kuwaambia wakaguzi wasije.