Kigae Kilichomfuata Mshenga

Jamani, nitasimulia, lakini atakayecheka kabla sijamaliza atoke nje, maana aibu hii ni yangu mwenyewe na mimi ndiye mwenye haki ya kuicheka wa kwanza. Nimeshazeeka, nimeshashika wajukuu, lakini mpaka leo mtu akitamka neno "vigae" mbele ya watu wa Chang'ombe yetu ya Dodoma wa rika langu, wote wananigeukia mimi.

Mnajua napenda usafi. (Mume wangu husema napenda kusifiwa usafi, na kwamba hivyo ni vitu viwili tofauti, lakini yeye ni mtu wa kusukumiza soksi chini ya kochi, tumwache.) Basi ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vimeanza kurudi madukani, sisi tuliokuwa tunapanga foleni ya kipande cha sabuni sasa tunaingia dukani tunachagua rangi ya sabuni, na siku moja katika kuchagua sabuni nikaona vigae vya plastiki vya kubandika sakafuni, vyembamba, rangi ya maziwa, vina mistari ya kijivu utadhani marumaru kweli, nikasimama pale mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Na wakati wenyewe ulikuwa unanibana, kwa sababu binti yangu Zuhura alikuwa karibu kuposwa. Kijana mwenyewe, Ramadhani, mwalimu wa sekondari, kwao Kolo kule Kondoa, mtulivu, na Zuhura alikuwa amempenda hasa, siyo mapenzi ya kuambiwa. Sasa hapa lazima niseme kitu ambacho sipendi kukisema: posa ya kwanza ya Zuhura ilivunjika kwa ajili yangu. Wageni walikuja, tukala vizuri, nami katika mazungumzo tu nikamuuliza mama wa yule kijana kama kwao umeme umeshafika. Niliuliza tu! Wakaondoka, na hawakurudi. Kwa hiyo safari hii Zuhura alinishika mikono yote miwili, akaniambia, "Mama, nakuomba. Usifanye chochote. Usiseme chochote. Wewe kaa tu, mimi huyu namtaka." Nikamwambia nimeelewa, na kesho yake nikaenda kununua vigae.

Fundi wa kubandika alikuwa jirani yetu, Fundi Ndahani, mtu mzuri, ila mdomo wake unaanzia Chang'ombe unaishia stendi. Ndipo nilipofanya kile kitendo kidogo, laiti ningelala tu siku ile. Siku moja kabla hajaja niliitazama sakafu yangu ya saruji, ina vumbi, ina alama za miguu ya stuli, nikajiambia, fundi ana macho, aje aione hivi kisha aende kutangaza kwamba kwa Mama Zuhura kuchafu? Nikafungua kopo la polishi nyekundu, nikapiga magoti, nikaipaka sebule nzima kona kwa kona, halafu nikaisugua kwa kipande cha blanketi mpaka nikawa naona meno yangu. Zuhura alipita akasimama mlangoni, akasema, "Mama, si inakwenda kufunikwa?" Nikamjibu, "Ifunikwe ikiwa safi."

Fundi Ndahani alipoingia aliteleza kidogo, akajishika ukutani, akasema, "Eh, mama, sakafu yako hii!" Nikapokea sifa yangu, nikaenda kumpikia chai. Naye (tusimwache salama hata yeye) hakuuliza kitu, akapaka gundi yake, akabandika, akanywa chai, akaenda. Sebule ikageuka ikulu. Majirani wakaja kutazama wakiwa wamesimama mlangoni kwa heshima, na mmoja akaniuliza kama atalazimika kuvua viatu siku akija kuazima chumvi.

Ningekomea hapo. Lakini mnalijua vumbi la Dodoma, na juu ya vile vigae kulikuwa na madoa ya gundi, alama za vidole vya Ndahani, nikawaza wageni wa Kolo watakaa waangalie vidole vya Ndahani mpaka waondoke? Nikasikia kuna kampuni ya usafi, wale waliokuwa wakisafisha maofisi na nyumba za wageni Bunge likikaribia, wana mashine. Basi asubuhi ya siku ileile ya posa akaja mtu mzima mmoja, Bwana Yohana, amevaa ovaroli ya bluu, na mashine ina brashi ya duara chini, inanguruma mpaka kuku wakahama ua. Kwanza aliniuliza, "Mama, hivi vigae vimeshashika sawasawa?" Nikamwambia, "Wewe safisha." Akawa ananyunyiza maji kidogo kidogo, nikamsimamia kichwani, "Baba, ongeza maji, mbona unanyunyiza kama unabariki?" Na tena nikaenda jikoni nikamletea sufuria la maji ya moto, kwa mkono wangu huu. Akanitazama. Akamwaga.

Alipomaliza, wallahi, sakafu iling'aa mpaka nikaona huruma kuikanyaga. Nikamwambia asiondoke, abaki ale pilau. Msidhani ni ukarimu! Nilitaka wageni wakiingia waone uani mtu wa kampuni na mashine yake, wajue wamefika nyumba ya namna gani. Na Fundi Ndahani naye harufu ya pilau ikamvuta, akaja kukaa karibu na Yohana. Yaani mashahidi wote niliwakusanya mimi mwenyewe.

Wageni wakafika baada ya swala ya adhuhuri. Mbele Mzee Iddi, baba yake mkubwa Ramadhani, ndiye mshenga, mzee wa kanzu nyeupe na soksi nyeupe, mstaafu aliyekuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo. Nyuma yake mama wa Ramadhani, Bi Mwajuma, mwanamke mkavu, haongei bila sababu. Zuhura alikuwa chumbani nyuma ya pazia, kama ilivyo desturi, mwali haonekani wala hasikiki siku ya maneno yake. Wageni wakaanza kuvua viatu mlangoni, nami nikasema, "Aa, ingieni tu navyo," huku naomba Mungu wavivue, wausikie ule ubaridi wa kigae.

Wakavivua. Mzee Iddi akaingia kwa mguu wa kulia, akasema "Asalaam aleikum," akanyanyua mguu, na kigae kikanyanyuka nao.

Mzee yule ana adabu jamani. Akatembea nacho, pwa, pwa, pwa, mpaka kwenye kochi, akaketi, akakibandua taratibu kwenye soksi iliyonata gundi, akakisogeza chini ya kochi kama mtu anayesaidia kupanga vitu. Mume wangu akamuuliza habari za safari. Akasema safari njema. Nami nikaona karibu na meza kona nyingine ya kigae inajikunja kwenda juu, nikaenda nikaikanyaga, nikasimama palepale nikitabasamu. Kisha nyingine karibu na kabati, nikamkonyeza mume wangu, akanyoosha mguu akaikanyaga yeye. Tukawa mke na mume tumekanyaga sakafu yetu isikimbie, tunauliza hali ya mvua Kondoa.

Bi Mwajuma alitazama chini, akanitazama usoni, akasema, "Mama, sakafu yenu inapumua." Nikacheka, "Hii ya kisasa, ndivyo ilivyo." (Hivyo ndivyo nilivyosema. Mdomo huu!)

Ukaja wakati wa kuandaa. Siwezi kusimama kwenye kigae kimoja siku nzima, chakula kiko jikoni. Nikaenda, nikarudi na jagi la juisi ya ukwaju, nikakanyaga kigae kilichokuwa kinaelea tu juu ya maji, kikateleza kwenda kulia na mimi nikaenda kushoto, jagi likaenda mbele, na ukwaju wote ukaishia kwenye kanzu ya Mzee Iddi, kifuani mpaka magotini. Nikiwa pale chini nimekaa, nguo zimelowa, niliona vigae vya sebule nzima vimeinua kona, hata kimoja hakikubaki.

Sasa mtu mwenye akili angeomba radhi, angecheka, yangeisha. Mimi nilisimama nikatoka uani, nikamshika Bwana Yohana ovaroli akiwa na tonge la pilau mkononi, nikamvuta mpaka sebuleni mbele ya wageni. "Huyu hapa! Huyu ndiye aliyeniharibia nyumba! Kampuni gani ninyi, wezi watupu, umemwaga maji kama unaoga!" Yohana akasema, "Mama, maji si uliniletea wewe?" Nikapandisha sauti nisisikie. Fundi Ndahani akaja kuchungulia, Yohana akamnyooshea kidole yeye, kwamba kazi ya kubandika ndiyo mbovu. Ndahani akasema yeye amebandika nusu ya mji na hakuna kigae kilichoamka, lawama ni ya mwenye duka na gundi yake. Makelele, majirani wamejaa dirishani, na posa hakuna anayeikumbuka.

Mzee Iddi, kanzu inachuruzika ukwaju, akainua mkono. "Tulikuja kwa neno jingine," akasema, "lakini naona kuna kesi, na kesi siwezi kuiacha imelala njiani. Kaeni." Na watu wakakaa! Akamsikiliza Yohana. Akamsikiliza Ndahani. Akaniuliza mimi, "Mama, kabla ya kubandikwa, sakafu hii ilikuwa hali gani?"

Nikajibu bila kupepesa, "Kavu, mzee. Saruji tupu."

Mzee akatikisa kichwa akamgeukia Yohana. "Basi ndugu yangu, aliyegusa mwisho ni wewe. Itabidi twende kwa mkubwa wako kazini." Yohana akasema, "Mzee, pale mimi ni wa muda. Nikipelekewa lawama hii, kesho sina kazi, na nina watoto." Nami nilikaa kimya, nawaambia ukweli, nilikaa kimya na nilikuwa najua, maana nilikuwa naziona alama nyekundu chini ya vile vigae.

Ndipo ikatoka sauti nyuma ya pazia. "Mama, si ulipiga polishi?"

Mwali kasema, siku ya posa yake, mbele ya wakwe, tena dhidi ya mama yake. Na sauti inatetemeka, analia, lakini haachi: "Ulipiga polishi sakafu nzima, ukasema ifunikwe ikiwa safi, gundi ingeshika wapi? Na maji ya moto ulimpelekea wewe. Msimfukuzishe kazi huyu baba." Nikajua posa ya pili imekwenda, na safari hii mwanangu kaivunja mwenyewe kwa sababu mimi sikuweza kusema sentensi moja.

Mzee Iddi akanyanyua mguu wake polepole akaugeuza. Soksi ile nyeupe chini ilikuwa nyekundu tupu. "Nilikuwa najiuliza," akasema.

Kisha akamtazama Bi Mwajuma, Bi Mwajuma akamtazama yeye. "Tulipotoka nyumbani," mzee akasema, "tulipanga tukitoka hapa tupite mtaani tuulizie tabia ya binti, kama desturi ilivyo. Naona hakuna haja ya kupita."

Mimi nikadhani anaaga, nikaanza kulia. Bi Mwajuma ndiye aliyenigeukia, akasema kwa sauti yake ile kavu, "Usilie, mama. Binti tumempenda. Mimi hofu yangu tangu niingie ilikuwa moja tu, kwamba amefanana na wewe."

Chekeni wote sasa, ruksa. Wao walicheka, mume wangu alicheka mpaka akashika kabati, na nyuma ya pazia nikasikia mtu analia na kucheka kwa pamoja. Mzee Iddi akasema kesi bado, kuna mtu hapa hajaombwa radhi. Nikamgeukia Bwana Yohana nikasema nisamehe baba, kwa sauti ndogo. Akasema hajasikia. Nikarudia. Akasema mashine ilimharibu masikio, mama, paza sauti kidogo. Nikasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa dirishani waliisikia, na ndipo akarudi kwenye pilau yake.

Ndoa ilifungwa, juu ya mikeka. Zuhura na mumewe walijenga Miyuji, wana vigae vya udongo vya kweli siku hizi, na fundi akitarajiwa kwake nasikia huwa anaambiwa kwanza aje siku ambayo mimi sipo. Kwangu nimeapa, vigae siviingizi tena, na fundi akija ataikuta sakafu na vumbi lake. Mzee Iddi, Mungu ampe umri, kila akishuka mjini hupita kutusalimu. Anavua viatu mlangoni, na soksi nyeupe hajaziacha, ananyanyua mguu mmoja hewani, ananiangalia na kuuliza, "Mkwe, leo nikanyage?"

"Kanyaga, mzee," namwambia. "Saruji tupu."

Na hakanyagi mpaka ameita, "Zuhura! Kweli?"

Hata kama Zuhura yuko kwake Miyuji.